Uliza Mwalimu: Mjomba Anataka Daktari, Kijana Yuko kwa Mafundi wa Boti

Mwadila, wasomaji wangu. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto asome nini, kwa ajili ya kazi gani. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nimefundisha Jiografia sekondari kwa miaka 31, na katika hiyo, miaka 19 nilikuwa pia mwalimu wa ushauri na unasihi. Sasa nimestaafu, naishi Nyegezi, hapa Mwanza. Majina ya walioandika nimeyaficha, na nimechagua barua tano.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kijana wangu wa pili yuko kidato cha nne. Wamepewa fomu ya kuchagua tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano, na vyuo na anatakiwa airudishe. Tangu baba yao afariki, kaka yangu ndiye anayemlipia ada, na amesema aandike PCB awe daktari, afanye kazi hospitali ya Bugando. Mtoto hasemi kitu mbele ya mjomba wake, ila kila Jumamosi yuko kwa mafundi wa mashine za boti, anarudi ananuka petroli. Kwenye moko, mtihani wa majaribio, alipata Hisabati B, Jiografia B, Fizikia C, Kemia D, Baiolojia D. Shuleni yuko mwalimu wa ushauri, lakini mwanangu amekutana naye mara moja tu, tena wakiwa darasa zima. Huo ushauri una faida gani? Si mtoto huambiwa na wakubwa wake, basi?*
*Mama wa Kirumba*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kufiwa. Nitakujibu kirefu.

Nianze na swali lako la mwisho. Wewe unauza dagaa. Akija kwako binti mgeni wa biashara hiyo, hata umsimulie wiki nzima, hawezi kuwatofautisha dagaa waliokaushwa juu ya chanja na waliokaushwa mchangani mpaka awashike, awanuse, atafune mmoja asikie kama mchanga unasaga menoni. Tena lazima ajue kwamba mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, mzigo unapungua na bei inapanda. Hayo hukuyapata kwa kuambiwa na wakubwa wako. Uliyaona. Kazi yangu ya miaka 19 ilikuwa hiyohiyo: kumfikisha mtoto mahali kazi inapofanyika, aione, aishike, kabla hajaandika herufi tatu kwenye fomu.

Wala si jambo lililozuka jana. Mwaka 1908 katika mji wa Boston, Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alifariki mwaka uleule, lakini alichokiacha bado kinafanyiwa kazi na wanasihi duniani kote. Alitaka mambo matatu. Kijana ajijue: anaweza nini, anapenda nini, ana mipaka gani. Kisha aijue kazi yenyewe: inadai nini, inalipa vipi, inachosha wapi. Halafu ndipo akae ayapime hayo mawili pamoja, kwa akili iliyotulia. Sisi watoto wetu tunawarukisha mawili ya kwanza na kuwadai la tatu, tena kwa siku tatu, fomu ikiwa mezani.

Nayasema haya kwa uchungu wangu. Nilizaliwa Kayenze, baba yangu alikuwa mvuvi. Nilipofaulu kidato cha nne, mkuu wa shule niliyosoma aliniita ofisini, akaichukua fomu yangu, akaandika PCB kwa mkono wake. Alisema msichana aliyefaulu sayansi haachwi apotee. Alinitakia mema, sina shaka. Ila hakuniuliza neno hata moja. Mimi nilikuwa mtoto wa ramani. Nilikuwa nachora ufukwe wa Kayenze na visiwa vilivyo mbele yake nyuma ya kila daftari, na nilijua upepo wa asubuhi unatoka wapi na wa jioni unaenda wapi kwa sababu baba aliutegemea. Miaka miwili nilikariri mishipa ya chura. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka sikuweza kumtajia baba. Nilimwachia karatasi mezani nikatoka nje. Nilikaa nyumbani naparua samaki, nikarudia mtihani kwa masomo mengine kama mtahiniwa wa kujitegemea, ndipo nikaenda kusomea ualimu wa Jiografia. Ile miaka ingeokolewa na mtu mmoja wa kuniuliza maswali kwa nusu saa.

Sasa tumtazame kijana wako, kwanza kwa alama zake. Kuingia kidato cha tano kunadai angalau C katika masomo matatu, ukiacha ya dini. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Katika hayo, kwa moko, amefikia C kwenye Fizikia peke yake. Hata akijikaza akapandisha zile D mbili, mbele kuna kidato cha tano na cha sita, kisha chuo cha udaktari ambacho kinataka ufaulu wa masomo yote matatu kwa kiwango cha juu, kisha miaka mitano ya shahada na mmoja wa utarajali hospitalini. Huo ni mlima ambao mtoto anayeipenda kazi hiyo huupanda akiimba. Asiyeipenda huishia njiani, na ada ya kaka yako huishia hapohapo.

Tazama upande wa pili. Fizikia C, Jiografia B, Hisabati B. Hiyo ni PGM, na ameibeba mkononi bila mtu kumsukuma. Kozi nyingi za uhandisi huangalia kwanza Fizikia na Hisabati. Tena fomu hiyohiyo mliyopewa haina tahasusi peke yake, ina vyuo pia, na hapo ndipo wazazi wengi hawasomi. Kuna Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kuna Chuo cha Ufundi Arusha. Stashahada ya ufundi ni miaka mitatu baada ya kidato cha nne, na aliyefanya vizuri anaweza kuendelea na shahada. Akitaka vyombo vya majini hasa, kipo Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Akitaka kushika spana mapema, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wako hapa Nyakato. Ziwa letu lina boti za wavuvi, vivuko vya Temesa, wakala wa Serikali, meli za mizigo, na viwanda vya samaki ambavyo mitambo yake ya barafu ikizima saa chache tu, sangara wanaharibika. Nani anaitengeneza yote hiyo? Watu waliosoma Fizikia na wakakubali kuchafuka mikono.

Lakini kijana naye asidhani nimempa ushindi. Kupenda kukaa na mafundi Jumamosi ni dalili tu. Mwambie achukue daftari, kwa wiki mbili aandike kila aliposhika mashine: alifanya nini, alimuuliza fundi nini, wapi alichoka akatamani kwenda kucheza mpira. Amuulize fundi mapato yake wakati wa mbalamwezi, boti za dagaa zinapolala na mashine haziharibiki. Amuulize pia mgongo unamuumaje. Kisha aende siku moja kituo cha afya kilicho karibu, aombe kwa adabu kukaa na mhudumu, aone foleni ya asubuhi. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi 11 wa kidato cha tatu, wote walisema wanataka uuguzi au udaktari. Tisa walirudi kimya. Mmoja alitoka nje kutapika alipoona jeraha likisafishwa, na hiyo si aibu, ni habari muhimu sana kwa maisha yake. Msichana mmoja tulimtafuta wakati wa kuondoka tukamkuta bado amesimama na muuguzi anauliza matone ya dripu yanahesabiwaje kwa dakika. Huyo leo ni muuguzi katika zahanati ya kisiwani, na nikipita anakuja kunipokea gatini.

Kuhusu kaka yako: anayelipa ada ana haki ya kusikilizwa, na usimwingie kwa mabishano. Usimwambie "mtoto hataki". Mwambie hivi: "Kaka, umemshika huyu mtoto tangu baba yake aondoke. Naomba Jumamosi moja twende wote kwa mafundi, umwone akifanya kazi, halafu tukae watatu tuangalie alama zake." Mpelekee karatasi ya moko, mwonyeshe PCB na PGM kwa kidole. Wajomba wengi wanataja udaktari kwa sababu ndiyo kazi pekee kubwa waliyoiona kwa macho, walipompeleka mgonjwa. Hofu yake ni mtoto asije akahangaika. Mjibuni hofu hiyo.

Na mwalimu wa ushauri wa shule mfuateni. Yeye ana vipindi vyake vya kufundisha na wanafunzi mamia, hawezi kumjua kila mmoja. Mzazi akienda mwenyewe, na daftari la wiki mbili mkononi, mazungumzo huwa mengine kabisa. Matokeo ya mtihani wa mwisho yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha kwenye mtandao la kubadilisha tahasusi na vyuo. Alichoandika sasa kinaweza kurekebishwa, lakini dirisha hilo lina mwisho, na kila mwaka napata barua za waliochelewa.

*Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nasubiri matokeo. Nyumbani wanataka nisome sheria. Rafiki zangu wanasema ualimu hauna ajira. Wengine wanasema niombe kozi yoyote ilimradi nipate mkopo. Naomba uniambie, kozi gani ina ajira?*
*Binti wa Buhongwa*

Marahaba, mwanangu. Neno hilo "kozi ina ajira" nimelisikia miaka yote, na kila kipindi lilikuwa na kozi yake. Hali hugeuka. Tazama Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi pale palikuwa na vivuko, na pembeni yake watu waliojenga maisha kwa kuwauzia abiria waliokuwa wakisubiri. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, gari linavuka kwa dakika chache bila kusimama. Aliyekuwa anajua kuuza pale kivukoni tu amelazimika kufikiri upya. Aliyekuwa anajua biashara amehama nayo. Nawe chagua kozi itakayokuachia uwezo unaoweza kuhama nao: kuandika vizuri, kuchambua, kuzungumza mbele ya watu, kupanga kumbukumbu. Tena uliza wahitimu wa miaka miwili mitatu iliyopita wanafanya nini, usiulize wa miaka 15 nyuma.

Kuhusu sheria, nina swali. Umewahi kukaa mahakamani? Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na mahakama ya mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, hutapotea. Nenda asubuhi, vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma. Utaona kwamba uanasheria wa kweli una kusubiri kwingi, kusoma karatasi kwingi, na kusikiliza watu waliogombana juu ya mpaka wa shamba. Ikiwa utatoka pale unataka kujua kesi iliishaje, endelea. Na nyumbani waelezwe jambo ambalo familia nyingi hulijua kwa kuchelewa: shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Baada yake kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, yenye ada na mitihani yake. Wapange fedha wakijua hilo.

Usimdharau mwalimu vilevile. Mwenye Historia, Jiografia na lugha ana njia ya ualimu, na ana njia ya mipango, ustawi wa jamii, uandishi wa habari, utawala. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka kwenye tovuti yake, na ndani yake kila kozi ya kila chuo imeandikiwa masomo inayotaka. Usome wewe mwenyewe, si kwa kusimuliwa. Mtihani ulikuwa wako, na uchaguzi ni wako. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kiko Malimbe, panda daladala uende ukawaulize wanafunzi wa kozi unayoifikiria, wakati wa chakula cha mchana wanapokuwa na nafasi.

Mkopo ni wa kuombwa kwa umakini, kwa kuwa hulipwa. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni liishe. Kuchukua kozi usiyoitaka kwa sababu ya mkopo ni kukopa kwa ajili ya kitu usichokihitaji. Cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cha kifo pia. Majina yafanane kila mahali, herufi kwa herufi. Mwisho, nakusihi kama mwanangu wa kumzaa: usimwachie kijana wa steshenari akuchagulie kozi. Nimewaona waliofika chuo ndipo wakajua wamesajiliwa kusoma kitu ambacho hawajawahi kukisikia. Kaa pale mbele ya kompyuta, taja mwenyewe, soma kabla hajabonyeza, na nywila yako itunze wewe.

*Mwalimu, mimi niko Nansio, Ukerewe. Nachomelea milango na madirisha, huu ni mwaka wa sita. Niliishia darasa la saba. Nikiomba kazi ya mradi wanataka cheti. Je, nimechelewa?*
*Fundi wa Nansio*

Hujachelewa. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, yaani mtu aliyejifunzia kazini kama wewe. Wanakupima kwa vitendo, wanakufundisha penye upungufu, na ukifaulu unapata cheti chao. Vuka uje Nyakato, au anza kwa kuuliza kwa simu lini zamu inayofuata ya fani ya uchomeleaji. Piga picha za kazi zako kuanzia leo, na waliokupa kazi kubwa waombe barua fupi. Na nunua miwani ya kuchomelea. Sikuulizwa, lakini nimeona macho ya mafundi wa umri wangu.

*Shikamoo. Niliacha shule nikiwa kidato cha tatu nilipopata ujauzito. Mtoto sasa ana miaka mitatu. Napenda kushona na napenda hesabu. Mama anasema nishukuru nilivyo. Niko Sengerema.*
*Mama Kijana*

Marahaba, mwanangu, na mbusu huyo mtoto. Milango ipo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Kwa kuwa muda umepita, huenda ukapendelea njia nyingine, nayo ni kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea kupitia kituo kilichosajiliwa. Nenda kwa afisa elimu kata, ukiwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha pili kama uliufanya. Hiyo ndiyo itakayoamua uanzie wapi. Kisha fika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hapo Sengerema, uulize kuhusu ushonaji na kama unaweza kuunganisha na masomo ya sekondari.

Ulivyoandika "napenda kushona na napenda hesabu" katika sentensi moja, nilisimama kidogo. Fundi mzuri wa nguo ni mtu wa hesabu: vipimo, mikunjo, kitambaa kisipotee. Na mwenye hesabu anaweza kesho kuwa na duka la watu watano. Mama yako anaogopa usiumie mara ya pili. Mwombe amshike mtoto saa tatu kwa siku, kwa mwezi mmoja tu, aone. Usimwombe mwaka.

*Mwalimu mwenzangu, mimi ni mwalimu wa Kemia Magu. Mkuu wa shule amenipa jukumu la ushauri na unasihi. Sina mafunzo, sina ofisi, nina wanafunzi zaidi ya 600. Nianzie wapi?*
*Mwalimu wa Magu*

Mwenzangu, karibu sana. Hata mimi nilikabidhiwa hivyohivyo, mwisho wa kikao, watu wakiwa wameshasimama. Ofisi yangu ya miaka minne ya kwanza ilikuwa mwembe, na niligundua kwamba watoto husema zaidi chini ya mti kuliko mbele ya meza. Tafuta tu mahali mnapoonekana na wote lakini hamsikiki.

Usianzie kidato cha nne. Hapo moto umeshawaka. Anzia cha pili, kabla hawajaamua kuacha Fizikia kwa sababu rafiki ameacha. Mtoto anayeacha somo hajui ni milango mingapi ameifunga, na hakuna anayemwambia. Chora ubaoni: ukiacha Fizikia na Kemia, hizi ndizo kazi ambazo zitakuwa mbali nawe. Waache watazame kimya. Na sasa kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, pembeni ya mkondo wa jumla katika mtaala mpya, na tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa mno tofauti na zile tulizosoma sisi. Mwaka 2024 zilitangazwa kufikia 65. Pata orodha kamili, ibandike ukutani, kwa sababu wazazi bado wanazijua PCM, PCB na HGL tu.

Kuna fomu za kupima mapendeleo, nyingi zimetokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani John Holland, aliyeyagawa mapendeleo ya kazi katika makundi sita: wa vitendo na vifaa, wa uchunguzi, wa sanaa, wa kuhudumia watu, wa kuongoza na kushawishi, na wa mpangilio na kumbukumbu. Zinasaidia kuanzisha mazungumzo. Lakini maswali yake mengi yanataja mambo ambayo mtoto wa Magu hajayaona, naye hujibu "sipendi" akimaanisha "sijui". Kwa hiyo yaandike upya: badala ya maabara kubwa, weka kupima udongo wa shamba la pamba, badala ya jumba la sanaa, weka kuchora maandishi ya daladala. Mimi nilikuwa na daftari la kurasa 200, mwanafunzi mmoja ukurasa mmoja, na juu ya kila ukurasa niliandika jambo moja tu: alichokifanya bila kuamriwa. Huyu anapanga viti. Huyu ndiye anayeitwa ugomvi ukitokea. Huyu amefungua redio ya mlinzi na kuirudisha ikaimba. Miaka mitatu baadaye, fomu inapokuja, huo ukurasa unakuwa na thamani kuliko jaribio lolote.

Wazazi ndio hazina yako. Shule ya watoto 600 ina wazazi wanaofanya kazi za kila aina. Tuma barua moja kupitia watoto: "Nani yuko tayari kuja kueleza kazi yake kwa dakika 20?" Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilitegemea watu wanane, wakaja 23. Alikuja muuguzi, nahodha wa kivuko, mama anayefuga samaki kwenye vizimba, mpima ardhi, karani wa kiwanda cha samaki, na mzee mmoja wa pamba aliyewanyamazisha wote alipoeleza alivyopoteza mavuno ya mwaka mzima kwa kutojua kusoma mizani. Wape maswali matatu ya kujibu, nao wajibu kwa ukweli: siku yako huanza saa ngapi na kuishaje, ulisoma nini kufika hapo, na kitu gani kwenye kazi yako ungetamani mtu angekuambia mapema. Hilo la tatu usiliruhusu liachwe.

Jambo moja la kujihadhari. Wewe ni mwalimu wa Kemia, na utampenda mtoto wa Kemia. Ukijikuta unamwandikia mwanafunzi fomu kwa kalamu yako, weka kalamu chini.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao niko huru, na basi la Magu napandia Buzuruga. Niandikie wanafunzi wako wanamaliza usafi saa ngapi, na kama pale shuleni upo mwembe.